Mkandaji na Maji ya Alfajiri

Mkandaji hodari hapimi maji kwa kiganja. Viganja vyake vimekomazwa na mpini wa jembe, mchi wa kinu na masufuria yanayoepuliwa bila kitambaa, na ngozi ya namna hiyo huweza kustahimili maji ambayo yangembabua mgonjwa. Anakunja mkono, anachovya kiwiko, anasubiri. Kiwiko kikitulia, maji yamefaa. Kikishtuka, anaongeza kata ya maji baridi, anakoroga mpaka chini ya beseni, anachovya tena. Hakosi kukoroga, kwa sababu maji ya moto hukaa juu na ya baridi hushuka, na anayepima bila kukoroga amepima sehemu ya juu tu. Ametoka kuwapimia maji watu wawili kwa namna hiyo, na wa tatu akija atapima upya kama hajawahi kupima.

Ninayemwandika hapa nimemjua Nyangwe, ukingo wa kulia wa mto Lualaba, katika nchi ya Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo. Jina lake silitaji kwa kuwa hakutaka. Nitamwita Mama, kama wote wanavyomwita. Watu humjia kabla jua halijachomoza: wazee wenye magoti mabovu, wanawake waliojifungua, vijana wa baiskeli za mizigo wanaotembea wameshika kiuno, mtu aliyepooza upande mmoja akiongozwa na mjukuu. Mlangoni hana kibao. Alichonacho ni mafiga matatu, mabeseni mawili, vikwembe vya zamani vilivyolainika kwa kufuliwa, kigoda, na saburi ambayo nimeiona kwa watu wachache.

Maji huyachemsha kweli kweli, yatokote, ndipo ayaache yapoe. Mpita njia angesema anapoteza kuni, maana yatakayotumika ni ya uvuguvugu tu. Lakini maji hayo yametoka mtoni, na ya mtoni hubeba vijidudu vya kichocho na uchafu mwingine usioonekana. Moto unavimaliza. Maji ya kupoozea nayo ameyachemsha jana jioni na kuyafunika, kwa hiyo hakuna tone bichi linalogusa ngozi ya mgonjwa anapokandwa. Hilo tu lingetosha kumpa heshima yangu.

Kisha huuliza. Hamuulizi mgonjwa anaumwa wapi, kwa sababu hilo mgonjwa atalisema bila kuulizwa. Humuuliza mwanamke: ukiamka, inakuchukua muda gani mpaka uweze kufunga kikwembe mwenyewe? Mwanamume humuuliza kama rukuu ya alfajiri anaiweza, au kama anaweza kuchutama. Ni maswali ya mtu anayejua anachotafuta. Viungo vilivyolala usiku kucha hukakamaa; ute unaolainisha maungio huwa mzito pasipo mwendo, na joto la mwili huwa chini kabisa karibu na saa kumi za usiku. Kwa hiyo asubuhi ndiyo saa mbaya ya mwenye baridi yabisi. Daktari naye huuliza hivyo hivyo, kwa saa ya mkononi badala ya kikwembe: ukakamavu unaokwisha kabla ya nusu saa mara nyingi ni wa maungio yaliyochakaa kwa umri na kazi, na ule unaodumu saa nzima au zaidi, pamoja na uvimbe wa vidole vya mikono yote miwili, unadai uchunguzi wa hospitali. Mama hajasoma hayo katika kitabu. Lakini mwanamke anayemwambia kwamba kikwembe hufungwa na binti yake mpaka jua lipande, huyo humkanda mara moja na kumwelekeza kituo cha afya.

Sasa kitambaa. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami, kwa sababu ndipo ufundi ulipo, na mtu akitazama kwa pupa ataona mwanamke analowesha nguo tu. Kikwembe hukunjwa mara nne. Huchovywa kikiwa kimeshikwa ncha mbili, katikati ikizama kwanza. Hunyanyuliwa na kusongolewa kwa mikono inayozunguka kinyume, mpaka kisidondoke hata tone, maana maji yanayotiririka huunguza kuliko nguo yenye unyevu. Hukikung'uta mara moja, mvuke wa kwanza utoke. Hukiweka kwanza juu ya mkono wake mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, ndipo kiende kwa mgonjwa. Na hakiendi penye maumivu. Kwa mwenye goti, huanza pajani. Kwa mwenye bega, huanza kati ya shingo na uti wa mgongo. Mwili wenye maumivu hujikaza ukiona mkono unakuja. Mama huupa nafasi ya kuuzoea mkono huo mbali na pale unapoogopa, halafu husogea taratibu, vidole viwili vitatu kila kitambaa kinapobadilishwa, hata akifika penyewe misuli imeshalegea na mgonjwa hakujua ililegea saa ngapi.

Juu ya kitambaa chenye unyevu hulaza kikwembe kikavu. Maji huchukua joto kwa kasi iliyo zaidi ya mara ishirini ya hewa. Kasi hiyo ndiyo inayokifanya kitambaa cha moto kiingize joto haraka mwilini, na ndiyo hiyo hiyo inayokifanya, kikishapoa, kiunyang'anye mwili joto lake. Mkandaji mzembe huacha kitambaa kipoe juu ya mgongo wa mgonjwa huku akizungumza na jirani. Mama sijamwona akiacha. Anakitoa kabla hakijawa vuguvugu, na cha pili kimeshasongolewa.

Baada ya vitambaa ndipo viganja, na mafuta kidogo ya mawese yaliyopashwa. Mguu uliovimba huusukuma kutoka kwenye kifundo kwenda juu, kuelekea moyoni, hata siku moja hauelekezi chini. Hukandamiza mgonjwa anapotoa pumzi na hulegeza anapovuta. Macho yake hayako kwenye goti, yako usoni. Mzee wa Kimaniema hatasema anaumia mbele ya wajukuu, lakini nyusi zitasema, na Mama husoma nyusi. Ndani ya maji wengine hutia mchaichai au majani ya mkaratusi. Yeye hutia mchaichai mgonjwa akipenda, kwa sababu harufu nzuri humtuliza mtu. Hajawahi kuniambia kwamba majani ndiyo yanayoponya, na mimi naona ana haki.

Miili anayoikanda imebeba mizigo kwa vizazi. Nyangwe ilianzishwa na wafanyabiashara wa kutoka pwani karibu na mwaka 1860, na soko lake likajulikana mbali. David Livingstone alifika Machi 1871 akakaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvuka, na kitu kilichomvutia zaidi kilikuwa wanawake wa sokoni. Aliandika jinsi walivyokuja na mizigo mizito mno ya mihogo mikavu na vyungu, wakibadilishana kwa mawese, samaki, chumvi na pilipili, kwa kelele na vicheko. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa wafanyabiashara hao waliwafyatulia risasi wale wanawake sokoni, na mamia wakafa kwa bunduki na kwa kuzama Lualaba. Siwezi kuandika juu ya migongo ya wanawake wa Nyangwe nikaliruka hilo. Wajukuu wa vitukuu vyao bado wanabeba mihogo kichwani, na jioni wanaporudi ni viuno hivyo hivyo vinavyolalama.

Wageni wa Mama wa kila siku kuliko wote ni wazazi. Katika nchi za Waswahili, toka pwani mpaka huku kwa waungwana wa Maniema, mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na siku arobaini ndiyo desturi ya kupumzika. Kizazi huchukua takribani wiki sita kurudi udogo wake wa awali, na Shirika la Afya Duniani nalo huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa muda wa kumwangalia mama kwa karibu. Wazee wetu walikaribia sana bila kalamu.

Lakini hapa pia pana hatari, na Mama anaijua kuliko wengi. Mjini Zaria, kaskazini mwa Nigeria, madaktari wa miaka ya 1970 walishangaa kuona wanawake wengi wa Kihausa wakishindwa moyo baada ya kujifungua. Wazazi wa huko walikuwa wakiogeshwa kwa maji makali mara mbili kwa siku kwa siku arobaini, wakilala juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake, na wakila uji uliotiwa chumvi ya ziwani iitwayo kanwa. Kwa maelezo yao, joto lile lilipanua mishipa na kuuzidishia moyo kazi, chumvi ikayafunga maji mwilini, na moyo uliotoka kwenye uchovu wa mimba ukaelemewa. Nia ilikuwa ya upendo mtupu. Kilichokosekana ni kipimo. Kwa Mama mzazi hukandwa mgongo, kiuno na miguu kwa maji ambayo kiwiko kimeyakubali, tumboni hupitishwa kitambaa bila kukandamiza, na mwanamke aliyepasuliwa haguswi tumbo kabisa. Akiona miguu ya mzazi inajaa badala ya kupungua, au akisikia anahema akilala chali, hamkandi. Anatafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali.

Mimi nilimfikia kwa ajili ya bega. Lilianza kugoma polepole, kwanza sikuweza kufikia mgongoni, baadaye hata kuchana nywele kukawa kazi, na usiku nililala upande mmoja tu. Madaktari wanaijua hali hiyo: mfuko unaozunguka maungio ya bega huvimba, hunenepa na kujikunja, na unaweza kukaa hivyo mwaka hadi miaka mitatu kabla ya kufunguka. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka arobaini na sitini, na wenye kisukari kuliko wengine. Nilipokaa juu ya kigoda, Mama alinitazama nikivua shati kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, damu yako wameipima sukari?"

"Bado, Mama."

"Basi leo nakukanda shingo tu. Bega nitalishika ukileta jibu."

Nilikwenda, nikarudi na jibu zuri, naye akaanza. Swali lile halikuwa la bega pekee. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na mtu asiyehisi miguu yake huweza kukaa na nyayo ndani ya maji yanayomwunguza huku akisimulia habari za sokoni. Kwa sababu hiyo hakuna mgonjwa anayeruhusiwa kupima maji yake mwenyewe katika ua ule.

Asubuhi zangu zilikwenda kwa utaratibu mmoja. Vitambaa, viganja, halafu maneno yake ambayo nayasikia hata leo: "Mimi nimemaliza, sasa wewe." Nilisimama nimeinama mbele ya beseni lililowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono mbovu ukining'inia ndani ya maji mpaka karibu na kiwiko, mkono mzima ukishika nguzo ya baraza. Kazi yangu ilikuwa kuuacha mkono uzunguke wenyewe, duara dogo kama sahani, nikiutikisa kwa mwili na bila kuunyanyua kwa misuli ya bega. Siku za kwanza maji hayakutikisika. Mama hakunihimiza. Alisogea na kufanya kazi nyingine, akarudi, akatia kata moja ya maji ya moto kandokando ya beseni, mbali na ngozi yangu, akakoroga. Baada ya majuma, duara likapanuka. Baadaye alinipa donge la kitambaa nilikamue ndani ya maji, kisha nikapanda na vidole ukutani, tofali moja moja.

Mwaka 1934 daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, aliandika kitabu kizima juu ya bega, na zoezi linalotajwa kwa jina lake mpaka leo ni hilo hilo la kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kuzunguka. Mama hajapata kumsikia. Wote wawili walilitazama bega kwa muda mrefu wakaona kitu kimoja: uzito wa mkono wenyewe, ukiachwa uvute kwa upole, hufungua nafasi ambayo nguvu ingeifunga.

Mtu mwingine ambaye ningependa akae juu ya kigoda kile ni Elizabeth Kenny. Alikuwa muuguzi wa mashambani huko Queensland, Australia, na mnamo 1911 alikutana na watoto waliopooza kwa polio, mbali na hospitali. Wakati ule madaktari walivifunga viungo vya watoto kwa plasta na vyuma visisogee. Yeye alichana blanketi la sufu, akachemsha vipande, akavikamua mpaka vikauke maji, akavizungushia misuli iliyokaza. Kisha alimfundisha mtoto kuusogeza mguu, kwa akili kwanza na kwa misuli baadaye. Alipingwa miaka mingi. Mwaka 1940 alifika Minneapolis, Marekani, na miaka miwili baadaye taasisi yenye jina lake ikafunguliwa huko. Nguo ya moto iliyokamuliwa, halafu mwendo wa mgonjwa mwenyewe: ukisoma jinsi Kenny alivyofanya kazi, unaona ua wa Nyangwe. Na habari ya polio kwetu si ya zamani. Mwaka 2017 virusi vyake vilizuka Maniema na Haut-Lomami, na watoto waliobakiwa na mguu dhaifu bado wako, wanahitaji mikono ya aina hii.

Joto peke yake lisingetosha, na wenzetu wa mashariki ni mashahidi. Huko ambako ardhi imepasuka, kutoka ziwa la Tanganyika kupanda Kivu, maji ya moto huchomoza yenyewe: yako Katana upande wa Bukavu, yako Mai ya Moto upande wa Rutshuru. Kule Kitagata, magharibi mwa Uganda, watu wenye maungio mabovu hujazana kwenye chemchemi mbili, na moja wameipa jina la Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kwa imani waliyo nayo. Maji ya Kitagata huweza kufika nyuzi 80, joto la kumchubua mtu, kwa hiyo hata hapo mwenye busara hukaa pale yalipokwisha kupoa. Ardhi hutoa moto bila kupima. Kupima ni kazi ya mtu.

Kwa wenye magoti, Mama ana sehemu ya pili ya kazi, na hiyo hufanyika mtoni. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, Lualaba hupungua na mchanga hujitokeza. Alfajiri ya miezi hiyo hewa ni baridi, na mto uliohifadhi joto la jana hutoa mvuke. Ukitia mguu unahisi maji yana joto kuliko upepo. Si joto la beseni, maana mto hauifikii hata ngozi ya mtu yenye nyuzi 33 hivi, na mabwawa ya hospitali ya kufanyia mazoezi ya aina hii hupashwa mpaka kati ya nyuzi 33 na 36. Kwa hiyo huwakanda kwanza nyumbani, huwafunga vikwembe, huwateremsha mtoni miili ikiwa bado na moto, na hawakawii humo.

Wakiwa ndani hutembea. Hilo ndilo zoezi lote, kutembea kwenda na kurudi sambamba na ukingo, maji yakiwa kiunoni, kisigino kikitangulia. Mtu aliyesimama ndani ya maji mpaka kiunoni miguu yake hubeba karibu nusu ya uzito wake tu. Mpaka kifuani, karibu theluthi. Mpaka shingoni, sehemu moja ya kumi hivi. Mwanamke mwenye kilo 70 ambaye nchi kavu hawezi kupiga hatua kumi bila kushika ukuta, humo anatembea na kilo 35. Nimeona nyuso zao wanapoligundua hilo. Maji pia humkatalia mwenye pupa: ukizidisha mwendo maradufu, yanakuzuia kwa nguvu mara nne, hivyo kila mmoja hupata kazi inayolingana na nguvu zake. Na yanabana. Kwa kina cha mita moja, msukumo wa maji unakaribia kipimo cha chini cha presha ya mtu mzima mwenye afya, kiasi cha kuurudisha juu uvimbe wa vifundo vya miguu. Msukumo huo huirudisha na damu moyoni kwa wingi, ndiyo sababu mwenye moyo dhaifu haingii.

Mahali hapo hakupachagua kwa uzuri. Ni pale mitumbwi ya wavuvi Wagenya inapovukia, penye watu na sauti, ili mamba wasisogee. Ni penye mchanga na maji yanayokwenda, pasipo majani, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda majani na maji yaliyotuama. Na saa yenyewe ina faida yake: vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likishawaka, hasa kuelekea adhuhuri. Alfajiri ni wachache, ingawa hawakosekani, kwa hiyo kila anayeteremka naye hukumbushwa kumeza dawa ya kichocho inayotolewa kituoni. Mwenye kifafa haingii. Mwenye homa haingii. Mwenye kidonda haingii, wala hakandwi karibu na kidonda.

Juu ya vidonda nchi hii ina kumbukumbu yake. Kabla ya kufika Nyangwe, Livingstone alikaa Kabambare kutoka Julai hadi Oktoba 1870 akiwa amefungiwa ndani na vidonda vya miguu alivyovipata kwa kutembea matopeni. Vilikula nyama na kila alipokanyaga vilitoa damu. Aliandika kwamba kitu kilichomfaa kilikuwa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Nimeufikiria unyoya huo mara nyingi. Huenda kulikuwa na mtu Kabambare aliyejua kwamba kidonda kile hakitakiwi kushikwa kwa kidole, wala kufutwa, wala kulowekwa. Ujuzi wa kutogusa ni nusu ya kazi ya mganga, na Mama anao.

Bega langu halikurudi lote. Nafikia rafu ya juu, najifunga mkanda, nalala ninavyotaka; nyuma ya mgongo bado mkono wa kushoto unafika juu kuliko wa kulia. Aliponiambia nisirudi tena nilitaka kubishana. Alisema kilichobaki ni changu, beseni ninalo nyumbani, na kuna wanaosubiri nje. Mpaka leo naamka, nachovya kiwiko, nainama.

Kasongo ina haki ya kujivunia jambo moja katika historia ya tiba ya Afrika. Mwaka 1971 ulianza pale mradi wa afya ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, na kazi yake ilionyesha kwamba vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu, vyenye wauguzi wanaowajua wagonjwa wao na vilivyofungamana na hospitali moja, vinaweza kuhudumia nchi pana yenye barabara mbovu. Fikra hiyo ilisaidia kuzaa zone za afya zinazotumika Kongo nzima. Waliofanya kazi hiyo walikwenda mahali watu walipo. Watu wako pia kwenye ua wa mkandaji, saa kumi na moja alfajiri, na kwa mwenye kiharusi au bega lililogoma huko vijijini ni shida kumpata mtaalamu mwingine wa mazoezi.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi wa Kasongo na Kabambare: nendeni mkakae juu ya vile vigoda. Mpelekeeni Mama, na wenzake walio katika kila mtaa, kipimajoto, mashine ya presha na ya sukari, na mchukue kwao namna ya kuanza mbali na maumivu. Nanyi mlio na mama au baba anayeamka amekakamaa, maji mnayo na kuni mnazo. Yachemsheni, yapoozeni kwa maji yaliyochemshwa, korogeni mpaka chini, chovyeni kiwiko, na mzee akishakandwa mpeni nafasi asogeze mguu wake mwenyewe. Ila kwanza mpelekeni apimwe moyo na sukari.